Mradi wa Carnoustie: nusu seti, upepo, na kila pauni iliyotoka

11 Januari: mpango

Nafungua shajara hii kwa sababu kila nikimwambia mtu nataka kucheza gofu Carnoustie swali la kwanza ni bei gani na la pili ni we utaweza, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja nitaandika hapa kila hatua ikiisha, hela iliyotoka na kilichogoma. Anayetaka kuiga aige, anayetaka kucheka pia ruksa.

Kwa asiyejua, Carnoustie ni mji mdogo wa pwani kule Angus, mashariki mwa Scotland, robo saa hivi kwa treni kutoka Dundee ninapokaa. Uwanja wake mkubwa unaitwa Championship na The Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, imechezwa pale mara nane, ya kwanza 1931 na ya karibuni 2018. Sifa yake kubwa ni ugumu. Mwaka 1999 bingwa alimaliza mikwaju sita juu ya pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo au uwanja), bingwa huyo, sio wa mkiani. Ila ni uwanja wa umma, kwa hiyo hata mimi ninayepanga maboksi ghalani usiku nikilipa naingia, sihitaji kujuana na mtu.

Gofu nimejifunza Arusha nikiwa kedi, yaani mbeba fimbo wa wachezaji, tukicheza siku za makedi kwa fimbo za kuazima, na hapa sasa hivi hendikapu yangu, yaani mikwaju ninayokadiriwa kuzidisha pa, ni 16. Sina klabu, nimejiunga na mpango wa OpenPlay wa Scottish Golf, ule wa watu wasio na klabu, unalipia kidogo kila mwezi na unapata hendikapu inayotambulika. Ukianza kutoka sifuri unahitaji kuingiza kadi za mashimo 54 ndo wakupe namba, kwa hiyo anza mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

Lengo: chini ya 90, tii (sehemu za kuanzia) za njano za wageni, kabla mwaka haujaisha. Vifaa ni nusu seti ya mtumba niliyookota duka la hisani Broughty Ferry kwa pauni 45: draiva (ya kupiga mbali kabisa), wudi 5, aiyoni 5, 7 na 9 (namba ikipanda umbali unapungua), weji moja ya mipigo mifupi ya juu na puta ya kusukumia mpira shimoni. Fimbo saba, begi jepesi, bega halilalamiki. Hela ya kiingilio itatoka kwenye upatu wetu wa Wabongo wa huku, zamu yangu inaangukia Juni. Mama watoto anajua. Kanuna, ila anajua.

2 Februari: baridi imekula yadi

Nimecheza mara kadhaa viwanja vya bei ya chini vya jirani na jibu la kwanza limepatikana, namba zangu za Arusha hazifai huku. Kule tupo mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, jua, mpira unapaa na unaenda. Huku ni usawa wa bahari, nyuzijoto nne au tano, mpira umekuwa mgumu na mwili umevaa nguo tatu hauzunguki. Aiyoni 7 iliyokuwa inanipa yadi 155 bila kutoa jasho leo imeanguka kwenye 130, na nimepiga vizuri kabisa, siwezi hata kulaumu swingi.

Nimefuta namba zote za zamani. Nimeandika mpya kwenye plasta nikaibandika kwenye mpini wa kila fimbo, moja ya bila upepo na moja ya upepo usoni. Pembeni pale ghalani wananiuliza zile plasta za nini, nimewaambia ni dawa.

Mipira nanunua ile inayookotwa kwenye mabwawa na vichaka, 50 kwa pauni 20. Usiende linki, yaani viwanja vya mchanga vya pwani, na mipira mipya. Kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, wenyewe wanaviita whins, mpira ukiingia humo hata ukiuona huutoi bila kuchubuka.

9 Machi: weji ya digrii 60, pauni 35 zimelala

Hapa nikae kidogo maana nadhani ndo somo lenyewe la mradi huu.

Nyasi zetu za nyanda za juu, zile za kikuyu, zinabeba mpira. Mpira unakaa juu yake umeinuka, unapitisha weji chini, unapanda juu na unatua umekufa. Na ukijaribu kuuburuza chini kwenye zile nyasi unakamatwa, hauendi popote, ndo maana sisi wote tuliokulia kule tunapiga juu, hatujui kingine. Huku kwenye linki udongo ni mchanga mtupu, maji hayakai, na nyasi zinazoota ni fescue, nyembamba zimekatwa hadi zinakaribia ardhi. Mpira unakaa juu ya kitu kigumu na chini yake hakuna nafasi.

Mimi nikaona kinachokosekana ni weji yenye mdomo wazi zaidi, nikanunua ya digrii 60 kwa jamaa mtandaoni, inang'aa, nimeifuta kila siku wiki nzima. Siku ya kwanza uwanjani shoti ya yadi 20 kuvuka banka (shimo la mchanga), nafungua uso wa fimbo vizuri, nashuka chini ya mpira, kitako cha weji kinagonga ardhi kinaruka, ukingo unakutana na tumbo la mpira, mpira unaenda kwa kimo cha goti unavuka grini nzima (pale penye shimo na bendera) unaingia kwa wachezaji wa shimo lingine. Narudia, vilevile. Mara ya tatu nikachimba, mpira ukasogea hatua mbili.

Nikaenda kwa kocha mmoja, somo la nusu saa pauni 30. Kageuza ile weji akanionyesha kitako chake: kimevimba sana, digrii 12 zile zilizochongwa pale pembeni, kimetengenezwa kwa mchanga mwingi laini na nyasi nene, kwenye ardhi ngumu kinadunda tu. Halafu kaichukua kabisa kaiweka kando akanipa puta. Tupo yadi 15 nje ya grini! Akasema piga. Nikapiga, mpira ukadundadunda kidogo ukatulia ukakimbia ukasimama futi sita toka shimoni, na sikuwa hata nimejaribu vizuri.

Utaratibu mpya tangu siku ile: kama ardhi kati yangu na grini ni wazi, puta. Kama kuna kinundu au nyasi kidogo, aiyoni 7 kwa swingi ya kuputi, mpira karibu na mguu wa kulia, unatua hatua mbili mbele na uliobaki unakimbia wenyewe. Weji ni kwa dharura, kama kuna banka katikati na huna njia nyingine. Ile ya 60 iko kabatini.

30 Machi: mazoezi ya mchanga ufukweni, hayakufaa

Mabanka ya Carnoustie ni mashimo madogo yenye kuta zilizojengwa kwa vipande vya majani vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, yanasimama wima kabisa. Nikawaza, mchanga uko bure ufukweni, nikaamka alfajiri kabla ya watu nikachimba shimo langu nikaanza.

Haifanyi kazi. Mchanga wa ufukweni pale maji yanapopita umeshikana na ni mgumu, fimbo inadunda. Ukisogea juu ni laini mno, mpira unazama. Na mama mmoja mwenye mbwa alinifokea kwamba nitamvunja mtu kichwa, alikuwa na haki, nikafukia shimo nikaondoka. Kibaya zaidi nilikuwa najifunza kitu kisicho sahihi, najaribu kupaisha mpira juu ya ukuta. Nimekaa nikaangalia wazee wa pale Monifieth, uwanja wa jirani, wanavyocheza, wakiingia banka hawaangalii hata bendera, wanaangalia mlango wa nyuma, wanatoa mpira kwa pembeni au kurudi walikotoka, mkwaju mmoja umekwenda, maisha yanaendelea.

27 Aprili: Burnside na upepo

Pale Carnoustie kuna viwanja vitatu, Championship, Burnside na Buddon, na hivi viwili vya mwisho bei yake inavumilika. Burnside umejibanza katikati ya ule mkubwa, ardhi ileile, upepo uleule, na kile kijito maarufu cha Barry Burn unakutana nacho. Kama unaiga mradi huu hela yako ya mazoezi iweke hapa, sio kwenye mashine za kupigia mipira ndani ya jengo.

Treni: kuna kituo kabisa kinaitwa Golf Street, jina linavutia, ila treni zinazosimama hapo ni chache sana. Shukia Carnoustie kawaida utembee, sio mbali.

Upepo sasa. Nilikuwa naupiga vita. Ukija usoni naongeza nguvu, na kadiri ninavyoongeza nguvu mpira unazidi kupanda, unafika juu unasimama kama kishada halafu unashuka nyuma ya nilipotegemea. Sababu yake ni kwamba ukipiga kwa nguvu na fimbo fupi unaongeza spini ya kurudi nyuma, na spini ndiyo inayoinua mpira, na upepo wa mbele unaikuza. Kwa hiyo dawa ni kinyume cha moyo unavyotaka: chukua fimbo kubwa zaidi kwa hatua mbili, shika chini kwenye mpini, weka mpira nyuma kidogo, swingi ya robo tatu, na mikono imalizie kwenye kifua, isipande begani. Aiyoni 5 kwa yadi 130 nilikuwa naona aibu. Imenipa grini mbili mfululizo kwenye upepo ambao kofia haikai kichwani.

Upepo wa nyuma nao una ujanja wake, haukupi tu yadi, unaondoa breki. Shimo moja nilitua katikati ya grini safi kabisa nikaanza kutembea kwa madaha, nilipofika mpira uko yadi 20 nyuma kwenye rafu, zile nyasi ndefu. Ukiwa na upepo nyuma tua kabla ya grini, kabla kwa mbali, zaidi ya unavyoamini.

Na upepo wa pembeni bado sijauweza, tuendelee.

18 Mei: koti, na kuputi

Koti la kwanza la mvua pauni 25, lebo imeandika halipitishi maji. Shimo la nne maji yalikuwa kwenye soksi. Nimenunua lingine la mwisho wa msimu pauni 80 na glovu mbili za mvua pauni 14, hizi glovu ni kitu cha ajabu, zikilowa ndo zinashika zaidi. Ningeanza na hilo la 80 ningebaki na 25 zangu, andika kwenye daftari.

Kuputi: grini za linki ni kubwa na tukijifunza kukaribia kwa chini maana yake tutaputi kutoka mbali sana. Kwa hilo nimepanda basi namba 99 mpaka St Andrews, kuna kiwanja cha kuputi kinaitwa Himalayas, mali ya klabu ya akina mama iliyoanzishwa 1867, wanaruhusu watu wote kwa pauni chache tu. Ni vilima vitupu, mpira unapanda unashuka unakata kona. Nilikwenda na watoto, binti yangu wa miaka tisa akanifunga, hakuchoka kusema hadi tunafika nyumbani. Lakini nimepata nilichokifuata, kwenye puti ya futi 50 usiangalie mstari, angalia mwendo tu. Ukipatia mwendo, mstari ukikosea utabaki na futi tatu nne, ukikosea mwendo unabaki na kumi na mbili.

Kingine, upepo unasukuma hata puti. Panua miguu, inama zaidi, usiguse ardhi kwa puta nyuma ya mpira mpaka uwe tayari.

22 Juni: nimelipa

Upatu umetoka. Bei ya mgeni kiangazi kwenye Championship imevuka pauni 250 na inapanda kila mwaka, kwa hiyo angalia kwao wenyewe kabla hujamwahidi mtu. Nimebonyeza kulipa nikafunga laputopu haraka. Nimeweka na kedi. Watu wameniuliza kedi wa nini na wewe mwenyewe ulikuwa kedi, jibu ni hilohilo, nilikuwa kedi najua thamani yake.

13 Julai: siku yenyewe

Upepo wa magharibi, sio wa kutisha, bendera zimenyooka lakini hazilii. Nilipangwa na wageni watatu wa kutoka Sweden, wapole, wanacheza haraka. Kedi wangu mzee wa hapohapo, kaliangalia begi langu, kahesabu fimbo kwa macho, kasema hii nzuri, hatutabishana sana.

Mashimo matano ya kwanza sina la kusimulia, bogi (moja juu ya pa), pa, bogi, bogi, dabo (mbili juu).

Shimo la 6, pa 5, linaitwa Hogan's Alley. Kushoto mwanzo mpaka mwisho ni uzio, ng'ambo ya uzio ni eneo la mazoezi la jeshi la Buddon, na katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi, kuna mabanka. Ben Hogan alikuja Open mara moja tu maishani, 1953, hapahapa, na hadithi ya wenyeji ni kwamba alikuwa anapitisha mpira kwenye ule uchochoro kati ya mabanka na uzio kwa sababu kutoka kule ndo unaiona grini vizuri. Raundi zake nne zilikuwa 73, 71, 70, 68, kila siku anashuka. Mimi nikatoa draiva nikaangalia kushoto. Mzee akaniambia taratibu, Hogan hakuja na nusu seti. Nikatoa wudi 5 nikaelekeza kulia, niko juu kabisa ya swingi risasi zikalia ng'ambo ya uzio, tatatata, mwili ukashtuka, mpira ukaenda kushoto, juu ya uzio, kwa wanajeshi. Wasweden walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nane.

Baada ya hapo nikatulia, sijui kwa nini. Shimo la 10 linaitwa South America, mzee akanisimulia kwamba kijana mmoja wa Carnoustie aliagwa usiku kwa pombe anahamia Amerika Kusini, asubuhi wakamkuta amelala hapo, ndo umbali aliofika. Mji huu umetoa wahamaji wengi wa gofu kweli, aliyemfundisha Bobby Jones kule Atlanta, Stewart Maiden, ni mtu wa hapa. Nikapata pa hapo Amerika Kusini nikiwa bado nacheka.

La 14 lina mabanka mawili yamekaa sambamba kwenye ukingo wa mteremko, yanaitwa Spectacles, na grini iko ng'ambo huioni. Mwaka 1968 Gary Player alipiga wudi juu yake bila kuona akaacha mpira futi mbili toka shimoni. Mimi nilipiga aiyoni 5 ikaingia jicho la kushoto. Mpira umeegemea ukuta. Hapo mazoezi yote ya kutoa pembeni yakapotea kichwani, nikajaribu mbele, ukagonga ukuta ukarudi miguuni. Nikajaribu tena. Mzee hakusema neno, alisimama na reki mkononi anaangalia baharini, na mimi najua kabisa maana ya kedi kuangalia baharini, nimewahi kuangalia mlima hivyohivyo mara nyingi. Mara ya tatu nikatoa pembeni.

La 16 ni pa 3, wakati wa Open linafika karibu yadi 250. Tom Watson alishinda hapa 1975 na hakulipatia pa hata mara moja, raundi nne na ile ya marudio ya kuamua mshindi. Nimepata 4, nimelingana na bingwa.

Halafu 17 na 18, ambapo Barry Burn unajikunja kiasi kwamba huna uhakika uko upande gani. Hapa ndipo Jean van de Velde mwaka 1999 alifika tii ya 18 anahitaji 6 tu awe bingwa, akatoa draiva, mpira wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi, wa tatu ukaingia kijitoni, akavua viatu akaingia majini, akamaliza na 7, na Paul Lawrie aliyeanza siku akiwa nyuma kwa mikwaju kumi akachukua kombe kwenye marudio. Hata Padraig Harrington 2007 aliutumbukiza humo mara mbili kwenye shimo hilohilo na bado akashinda, kwa hiyo maji yale hayana upendeleo. Mpango wangu ulikuwa umeandikwa tangu Mei: shimo la 18 mimi kwangu ni pa 5 hata kadi ikisema nini. Aiyoni 5, aiyoni 7, nikasimama kabla ya kijito, weji, puti mbili. Tano. Wasweden wawili kati ya watatu waliingia majini.

Jumla 96. Kedi pauni 90 pamoja na chai yake.

15 Julai: 96 zilitoka wapi

Nilidhani kijito kitanimaliza, kumbe hakijanichukua hata mkwaju mmoja. Nimepitia kadi na mzee wa Burnside ninayecheza naye Jumapili tukagawa. Mabanka yamekula saba, zote kwa kung'ang'ania kwenda mbele. Kule kwa wanajeshi mbili, na hata bila risasi shimo lile ningepata 6 tu. Puti tatutatu zilikuwa chache kuliko nilivyoogopa, Himalayas imelipa. Kilichonishangaza ni upepo wa pembeni, karibu kila grini niliyokosa niliikosa upande uleule, upepo unakopeleka, maana yake nilikuwa nauona, nauhesabu, halafu nauhesabu nusu. Ubaya wa uwanja ule ni kwamba umepangwa mashimo yanageuka geuka, sio kwenda moja kwa moja na kurudi kama linki nyingi za zamani, ukishazoea upepo wa bega la kulia shimo linalofuata uko mgongoni, na lingine usoni.

24 Agosti: marekebisho

Mawili tu. La kwanza, banka. Nimeacha kabisa kufanya mazoezi ya kupaisha. Nikiingia banka nasimama nje kwanza, natafuta upande uliopungua ukuta, naweka mguu wa kwanza mchangani nikiwa tayari nimegeukia huko. Ukiingia umegeukia bendera umeshashindwa, kichwa kitakushawishi. Na kwa pauni 20 nimepata weji ya mtumba ya digrii 54 yenye kitako chembamba, hii inapita chini ya mpira kwenye ardhi ngumu, nimeipa nafasi ya aiyoni 9 niliyokuwa siitumii. Bado fimbo saba.

La pili, upepo wa pembeni. Yule mzee wa Burnside kanifundisha jambo jepesi mno, usielekeze mpira kwenye bendera halafu usogeze kidogo, chagua kitu cha mbali upande wa upepo, paa la nyumba, nguzo, mti, halafu piga hapo moja kwa moja na sahau bendera ipo. Mwanzo mwili unakataa. Kwenda kupiga yadi 25 nje ya grini kwa makusudi sio kitu chepesi, lakini mpira wa pili tu ukirudi katikati unaanza kuamini. Nimefanya hivyo Burnside na mara moja Montrose, kadi mbili za mwisho zote chini ya 88 huko.

5 Oktoba: mara ya pili

Mzee wa Burnside ana tiketi ya msimu, kanialika kama mgeni wake, hela niliyotoa ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya Julai, kwa hiyo msichukulie kama bei ya kawaida. Asubuhi ukungu wa baharini ulifunika kila kitu tukasubiri saa nzima tunakunywa chai, ulipofunguka upepo ukawa wa mashariki, wa baharini, kila kitu nilichokumbuka cha Julai kimegeuka. Shimo la 6 upepo mgongoni! Nikapata 5, wudi, aiyoni 5, aiyoni 7 ya kuburuza, puti mbili, na wanajeshi hawakuwepo.

Spectacles niliingia tena, jicho lilelile. Nikatoa kurudi nyuma, yadi kumi kuelekea nilikotoka, nikamaliza na 6. Mzee akasema hiyo ndiyo shoti bora ya siku, sikujua kama ananisifu au ananicheka.

Shimo la 17 nililipa, aiyoni 7 fupi, mpira ukadunda mara moja ukazama, 6. La 18 tano kama kawaida.

88.

8 Oktoba: daftari

Kwa anayeiga, hela yangu bila nauli: fimbo 45, mipira 40 mpaka sasa, kocha 30, weji ya 54 pauni 20, koti zuri na glovu 94, mazoezi ya viwanja vidogo karibu 200, kedi 90, na kiingilio cha Julai ambacho mtakikuta kwao. Zilizopotea bure ni koti la kwanza 25 na weji ya 60 pauni 35. Draiva katika raundi zote mbili nimeitoa mara tatu jumla na ningeweza kuiacha nyumbani, mwakani nitajaribu bila hiyo kabisa, Monifieth kwanza halafu tuone.

Ile weji ya 60 bado ipo, haina mkwaruzo, inafaa sana kwa mtu wa Nairobi au Arusha mwenye nyasi nene. Pauni 15, njoo uichukue Dundee, bei inaongeleka.